Ndama Wangu wa Maigizo

Tangu nimzike mume wangu siongei sana, ila hili nalisema. Kila msimu wa tamasha la sanaa hapa Nangwa natengeneza vifaa vya maigizo, na kazi naiweza. Safari hii waandaaji walitaka ndama, na nikishindwa kazi wampe fundi mwingine. Nikaona ngozi ya ndama kwenye uzio wa jirani yangu, Mzee Bura. Nikadhani imetupwa, nikaichukua, nikaijaza majani makavu. Akatokea ndama hasa!

Igizo likiwa limenoga, ng'ombe wa Mzee Bura akawapita watazamaji, akaanza kumlamba ndama wangu huku maziwa yakimdondoka. Watu wakapiga makofi.

"Mama Neema!" mzee akapaza sauti. "Ndama wake alikufa, ngozi niliianika nimwonyeshe ng'ombe, adhani mtoto wake yupo, akubali kukamuliwa. Kumbe mwizi ni wewe, mpole wa watu!"