Neno Lililomwachisha Baba Chakula

Juzi nilipita sokoni Arua nikanusa ukindu unaochemshwa na rangi, nikasimama kama niliyeitwa jina. Nyumba yetu ilinuka hivyo hivyo. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alisuka kawa za kufunikia chakula, na vidole vyake vilikuwa vyekundu mwaka mzima.

Nilikuwa darasa la tano. Shangazi yangu wa Koboko alikuwa amejifungua, akataka msichana wa kumshikia mtoto. Baba, aliyekuwa dereva wa lori huko Vurra, akasema niende mimi. Kaka yangu asiguswe, ana mtihani. Hata mimi nilikuwa na mtihani, lakini nani aliniuliza? Nilifunga nguo zangu kwenye leso huku nikilia, maana wasichana waliokwenda kwa muda sikuwahi kuwaona tena darasani.

Jioni, baba akiwa anakula, haboba akasema bila kuinua macho: "Hii nyumba yangu sasa iko ya jahiliya?"

Baba akaacha kutafuna.

Si neno la kila siku. Wengi husema ujinga, basi. Lakini mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametueleza kwamba limetoka Kiarabu: jahili ni asiyejua, na jahiliya ni zama za kutojua, kabla ya Mtume, watu walipozika watoto wa kike wangali hai. Siku aliyotueleza, sisi wasichana tulitazamana tu.

"Mama, mtoto atarudi," baba akasema.

"Hata mimi waliniambia nitarudi shule."

Baba akanawa mikono. Haboba akafunika sahani yake kwa kawa. Kesho yake alipanda gari la Koboko yeye mwenyewe, akamshike mtoto, ukindu wake kichwani. Mimi nikafungua leso.

Miaka mingi nilidhani alimwita baba mjinga, na kusema kweli nilifurahi. Nilipomaliza chuo cha ualimu nikamwuliza haboba. Akacheka.

"Mutu hajui, hata umwambie hiyo neno, yeye anaendelea kukula. Baba yangu mimi hakujua kitu. Alinitoa shule, akalala vizuri. Baba yako alikuwa anajua. Ndio maana aliacha chakula."

Baba alikuwa bado hai wakati huo. Jioni ile nilimpakulia mimi mwenyewe, nikakaa naye mpaka akamaliza.