Nilichagua ufukwe wa Brazili nikiwa Igamba, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu ndani. Bibi yenu nimeingia.

Kuna kijana jana kaweka uzi anauliza aende beach gani Amerika ya Kusini na mchumba wake, mwezi wa saba. Mkamjazia majina. Mmoja kamwambia Argentina, mwingine kusini kabisa mwa Brazili, na wengi wenu mkagonga like, "summer hiyo mkuu, nenda."

Nimecheka mpaka binti yangu kaja kuangalia kama nimepaliwa.

Sijawahi kupanda ndege. Nipo hapa Tunduma kwa huyo binti, nasikiliza malori ya mpakani yakipiga honi. Lakini swali la huyo kijana nililijibu nikiwa msichana wa darasa la saba, kabla ya Uhuru, mbele ya shule nzima na wazazi wetu.

Na nilishinda. Ninachoandika hapa kilitokea, na wa kunilipa kwa kudanganya simwoni.

Nimezaliwa Igamba, Mbozi. Baba alilima kahawa na mahindi kama wenzake. Mama hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mkisi, wa kule chini Matema, Ziwa Nyasa. Baba alimpata huko alipokuwa utingo wa lori lililopeleka mizigo ziwani. Akampandisha milimani, wakajenga, na tangu siku hiyo mama hakuwahi kurudi kwao.

Si kwamba alikatazwa. Safari ilikuwa ndefu, watoto tukafuatana, na shamba la kahawa haliachwi hivi hivi.

Wanawake wa Igamba walimtania sana. Jembe lilimkataa mama yangu, jamani, mistari yake ilikwenda upogo hata mimi naona. Na akisimulia kuhusu maji ambayo ukisimama ukingoni huoni mwisho wake, walikuwa wanatazamana.

"Mama wa maji," walikuwa wakimwambia, "hayo maji usiku yanalala wapi?"

Yeye anacheka nao, maisha yanaendelea.

Mwaka ninaousimulia, dereva mmoja alileta habari kwamba bibi yangu mzaa mama miguu imeisha nguvu na macho yanafifia, anashinda kwenye mkeka tu. Mama akashukuru kwa habari. Baada ya hapo akaacha kabisa kusimulia mambo ya ziwa.

Hicho ndicho kilichoniuma. Nilikuwa nimezoea hadithi zake kila jioni.

Sasa tuje shuleni.

Mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Simkoko, alikuwa mtu wa Itumba, mpole, anapenda utani. Siku moja anafundisha Amerika ya Kusini, akataja ufukwe. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ufukwe ndiyo nini? Ni kama pale tunapochotea maji mtoni?"

Mwalimu hakucheka. Alituangalia wote, akauliza nani kati yetu amewahi kuona maji makubwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi akatangaza shindano. Darasa lijigawe makundi mawili. Kila kundi lichague ufukwe mmoja wa Amerika ya Kusini kwa ajili ya familia inayokwenda kupumzika huko mwezi wa saba, na lieleze familia hiyo ikifika itafanya nini. Kundi litakaloshinda litapanda lori la misheni mpaka Matema, likaone ufukwe kwa macho.

"Na mama mmoja wa kundi hilo atakwenda nasi, awapikie," akamalizia.

Wakuu, somo lililofuata sikusikia hata neno moja. Nilikuwa namwona mama juu ya lile lori.

Kundi la pili liliongozwa na Yohana, mtoto wa karani wa baraza. Yohana alikuwa na Kiingereza cha kutiririka, na baba yake alikuwa na kitabu chenye picha. Wakachagua Mar del Plata, Argentina. Kwenye picha watu wamejaa mchangani, miavuli kila mahali, wanawake wamevaa kofia pana. Na kitabu kingine cha Kiingereza kilisema wazi: June, July, August ni summer.

(Huyo Yohana miaka mingi baadaye alinioa. Mpaka anafariki hakukubali kwamba alishindwa kihalali.)

Wenzangu wa kundi langu walitaka Rio, kwa sababu ina jina. Mimi sikuwa na la kuwapinga.

Jioni nipo nyumbani, tumezunguka moto. Mnaoijua Mbozi mwezi wa sita mnajua ninachosema. Kipupwe kimeingia, kila mtu kajifunika blanketi. Baba akaniuliza shuleni kuna nini. Nikamweleza, kwamba familia yetu inakwenda Brazili mwezi wa saba kwa sababu huko ni wakati wa joto.

Baba akaacha kula.

"Brazili? Katikati ya mwaka?" Akaonyesha juu kwa kidole. "Hayo mabati yametoka wapi?"

Nikasema kwenye kahawa.

"Kahawa ya kwetu ilipanda bei kwa nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Kipindi kile bei ilipopanda, watu wa mizani ya kahawa waliwaambia wakulima kwamba Brazili umande umeganda mashambani, kahawa ya huko imeungua kwa baridi. Ikaungua lini? Katikati ya mwaka. Miezi hii hii ambayo sisi tunajikunyata motoni.

Yaani kumbe tupo upande mmoja wa dunia na hao watu, kusini mwa ikweta! Kitabu kilikuwa kinasema summer ya kwao waliokiandika. Na sisi tulikaa darasani tunatetemeka, huku tunaandika kwamba mwezi wa saba ni joto.

Mama naye akauliza, "Na wakifika watafanya nini?"

Nikamwambia watakaa chini ya miavuli, kama kwenye picha ya Yohana.

"Wakae tu?" akasema. "Wana maji mbele yao, halafu wakae tu?"

Akaanza. Kwanza mahali penyewe: wasikae karibu na mdomo wa mto, wachague penye wavuvi, maana mvuvi ndiye anayejua wapi panashuka ghafla. Asubuhi maji yakiwa yametulia, mtoto afundishwe kuelea chali, mkono wa mkubwa ukiwa chini ya mgongo, na mkono huo utolewe bila kumwambia. Wavu ukivutwa waende wakashike kamba, hakuna anayevuta akanyimwa samaki. Jua likiwa kali wakae kivulini, watoto wafukiane miguu mchangani. Upepo ukianza watoke majini, wachome samaki wao.

Aliongea kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimemwona hivyo tangu yule dereva alete habari. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka.

Kesho yake nikawaburuta wenzangu kwenye atlasi. Tukapanda na pwani ya Brazili kwa kidole, juu, juu, mpaka karibu na ikweta. Fortaleza. Joto mwaka mzima. Wakagoma kidogo kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia jina hilo, mwishowe wakakubali.

Ikafika Jumamosi ya shindano. Ukungu umeshuka mpaka uwanjani, wazazi wamekaa na mablanketi. Yohana akaanza. Wakuu, yule kijana aliongea! Miavuli, muziki, watu wanakula barafu tamu. Makofi yalipigwa kweli kweli. Nikamtafuta mama kwa macho, nikamwona kakaa nyuma kabisa, kajikunja.

Nikasimama. Sikusoma nilichoandika.

"Kaka Yohana," nikasema, "mbona umevaa sweta?"

Watu wakacheka. Akajibu, "Kuna baridi."

"Familia yako inakwenda upande huu huu wa dunia, tena kusini kuliko sisi. Hujawafungashia hata blanketi."

Kisha nikawaeleza wazazi habari ya kahawa iliyoungua Brazili. Hapo sikuhitaji kuongea sana. Mzee mmoja mkulima akasimama mwenyewe. "Ni kweli kabisa. Kipindi kile ndipo niliponunua baiskeli." Wazee wote wakaanza kukumbushana walinunua nini, ikabidi mwalimu agonge meza.

Nikaendelea na Fortaleza na mambo ya kufanya huko. Nikasema kuhusu kuelea chali, kuhusu kamba ya wavu, kuhusu mdomo wa mto.

Mwalimu akaniuliza, "Huo mkono chini ya mgongo umeusoma wapi?"

"Sijausoma. Mama yangu ametoka Matema."

Wale wanawake wote wakageuka nyuma kumwangalia. Mama akaangalia chini, halafu akainua uso.

Mwalimu alisema mwezi wa saba aliuweka makusudi, aone nani atashtuka. Tukapewa ushindi. Na mpishi wa safari hakuna aliyemjadili.

Lori lilituchosha, tusidanganyane. Vumbi, baridi ya Tukuyu, halafu joto linakupokea ukishuka. Njia nzima mama ameshika ubao wa lori, anaangalia mbele.

Tulipofika Matema tuliruka chini tukasimama kama tumegandishwa. Maji hayakuwa na mwisho. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Kumbe mama yako hakuwa mwongo."

Nyumba ya bibi ilikuwa upande wa pili wa kighuba kidogo. Njia ya miguu inazunguka miamba. Mama hakuzunguka. Alinipa kanga yake ya begani, akaingia majini na gauni lake, akaanza kuogelea.

Yule aliyeshindwa na jembe miaka yote ile, wakuu. Alikwenda kama amelainishiwa njia. Sisi tulikimbia kwa mguu, mwalimu mbele, na bado nusura atutangulie.

Nilifika nikamkuta bibi kwenye mkeka mchangani, watu wamemzunguka wanatazama majini. Akauliza ni nani yule. Wakamwambia ni mgeni, kaja na lori la shule.

Bibi akakunja macho yake mabovu.

"Mgeni gani?" akasema. "Huyo nimemfundisha mimi."

Mama akatoka majini akapiga magoti hapo hapo, gauni linachuruzika, akamlowanisha bibi mwili mzima. Hakuna aliyewaachanisha.

Tulirudi Igamba na samaki wakavu wa kutosha kila nyumba iliyowahi kumtania. Jina la "mama wa maji" likabaki, ila sasa waliliita kwa heshima, na watoto wakawa wanakuja jioni kumsikiliza.

Kwa hiyo, kijana wa jana: nenda juu karibu na ikweta, kaa penye wavuvi, na ukiona watu wanavuta kamba na wewe shika. Huko kusini ulikoelekezwa utaoga upepo. Lakini kabla hujalipa booking, muulize mama yako kama kuna mahali anatamani kurudi. Ukipata jibu, anza na huko.

Na nyie wa "summer hiyo mkuu", comment zenu nazisubiri hapa chini. Njooni na masweta.