Watiri na Watu wa Jembe

Katika hoteli moja ya Nyeri mjini, juu ya kaunta, imetundikwa picha ya mwanamume mnene mwenye suti na tai, ameshika jembe. Chini yake pameandikwa: Mwanzilishi wa Watu wa Jembe. Mimi nikiingia pale hukaa kiti kinachoipa picha hiyo mgongo, la sivyo chai hainipiti kooni. Naitwa Magdaline, binti Ngendo, na nilikuwepo siku ilipopigwa. Bwana yule alilishika jembe kwa muda wa kamera kulia mara tatu, basi. Aliyeanzisha Watu wa Jembe ni mwanamke asiye na shamba, Watiri, na picha yake haipo popote.

Watiri alikuwa jirani yetu katika kijiji tulichorundikwa na mkoloni wakati wa hali ya hatari, upande wa Mukurweini. Mumewe aliingia msituni kupigania uhuru, hakurudi. Mashamba yalipopimwa upya, jina la mtu wa msituni halikuandikwa, kwa hiyo uhuru ulipokuja Watiri alikuwa na kibanda na mama mkwe. Mama mkwe huyo, tuliyemwita Cucu Murugi, yaani bibi, alikuwa mfupi, mkali, mwenye ombi moja tu hapa duniani. Hakutaka kuzikwa makaburi ya serikali pamoja na watu wasiojulikana na mtu.

"Mnizike kwa mchanga yangu," alikuwa akisema, asubuhi na jioni. Watiri aliitikia kila mara, "Sawa, maitu," yaani mama, huku akijua hana mchanga wa kujaza hata chungu.

Mwaka wa 1964 Watiri alikwenda ofisini kuomba leseni ya mkutano. Alitaka sisi tusio na shamba, na wenye vipande kama chetu, tukae tuzungumze tutakachoiambia serikali. Karani alimuuliza yeye ni nani, akamwambia aende akalime. Watu wengine wangerudi nyumbani wakilia. Watiri alirudi akigonga milango. "Tumeambiwa tulime," alisema. "Kesho kila mtu akuje na jembe yake kwa Ngendo."

Kwa Ngendo ni kwetu. Tulikuwa na nusu eka kwenye mteremko, mawe matupu, na mama yangu alikuwa mjane mwenye mgongo mbovu. Walifika watu thelathini na wawili. Tulijipanga mstari mmoja, tukaanza kulima kupanda juu, na hapo Watiri akatoa sheria yake. Atakayesema, aseme akiwa ameinama, jembe mkononi. Ukichoka, nyoosha mgongo upumzike, lakini ukisimama wima huna neno. Cucu Murugi, ambaye mgongo wake ulikuwa umekataa kunyooka miaka mingi iliyopita, alikaa chini na panga lake dogo akipalilia na kung'oa mawe ukingoni, akaongea kuliko sisi sote.

Saa nne konstebo Munyao akatokea kwa baiskeli. Alikuwa Mkamba, mtu wa haki, mwenye buti zilizong'aa kupita kiasi.

"Nyinyi muko na mkutano hapa?" aliuliza.

"Afande," Watiri alijibu bila kuinua kichwa, "umeona mkutano gani watu wote wameangalia chini?"

Munyao alitazama mstari mzima, akatazama mawe tuliyokwisha kung'oa. "Lakini mnaongea."

"Ati hata kuongea na majirani inataka leseni?"

Akatoa kijitabu, akaandika, kisha kwa kuwa hakuwa na ubaya alitusomea: "Hakuna mkutano. Wanalima." Tulicheka mpaka majembe yakatutoka mikononi.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi tulilima kwa yule mwenye kidogo kuliko wote, na jua lilipotua shamba lilikuwa tayari na sisi tulikuwa tumekubaliana jambo. Tuliandika barua za kudai mashamba ya walowezi wagawiwe wasio nayo, na majibu yaliyokuja tulisomewa hivyo hivyo, tumeinama. Nyimbo zetu zilifuata mwendo wa kazi. Mstari ulianza jembe likiwa juu, na neno la mwisho lilianguka nalo, ndiyo maana hazikupendeza hata kidogo zikiimbwa na mtu aliyekaa. Desturi ilienea, na watu wakaanza kutuita Watu wa Jembe. Akina mama wauza viazi wa Gatitu wakaanza mstari wao, Karatina wakaanza wao. Kundi moja lilifika mpaka Doldol kuwaita wafugaji, likaambiwa kwa upole kwamba ng'ombe halimwi, likapewa mbuzi na kurudishwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nakiri sijawahi kufurahi tena namna ile.

Mwaka wa 1969 ukaja uchaguzi, na pamoja nao akaja Bwana Moffat. Alikuwa na malori ya mbao na kiwanda cha kupasulia magogo, na miaka mitano yote hatukuwahi kumwona hata akipita. Sasa alifika kibandani kwa Watiri na gunia la sukari. Mimi nilikuwa pale nikimkanda Cucu Murugi miguu, maana alikuwa amelala miezi miwili na kila mtu alijua haondoki kitandani akiwa hai.

"Watiri, niko na kitu yako," Moffat alisema. "Eka tatu, upande ya Laikipia. Karatasi iko kwa mfuko. Uniletee tu hao watu wako kwa uwanja, na majembe kwa mabega, waimbe. Mimi nitaongea juu ya lori."

Cucu Murugi alifungua macho. Alimtazama mkaza mwana wake tu, na mimi nikatamani ardhi inimeze kwa uchungu.

Watiri aliutazama mfuko ule wenye karatasi. "Hizo eka tatu ni za mimi peke yangu?"

"Ni za wewe. Wengine tutaangalia baadaye."

"Basi kuja Jumamosi kwa Ngendo. Hayo maneno yote, ya Laikipia na ya baadaye, uyaseme kwa mstari, watu wasikie. Ukisema umeinama, mimi nitaenda na wewe mpaka huko uwanja."

Moffat alicheka, akakubali. Alidhani ni jambo dogo.

Jumamosi hiyo alikuja na gari mbili na mpiga picha. Alivua koti? Hakuvua. Alipokea jembe, akaliinua, kamera ikalia, akaliinua tena, ikalia, na mara ya tatu. Kisha akalitupa kando, akapanda ukingoni mahali Cucu Murugi alipokuwa akipalilia, akapanua kifua.

"Wananchi watukufu!"

Hakuna aliyesimama. Watu zaidi ya mia walikuwa katika nusu eka ile, na kilichosikika ni majembe tu. Aliongea juu ya maendeleo, juu ya barabara, sauti ikipanda, na majembe yakaendelea. Mwisho akashuka, akasimama mbele ya Watiri.

"Mama, kwani hutaki shamba?"

"Nataka," Watiri alisema, machozi yakimdondokea kwenye udongo, na hakuacha kulima. "Nataka kuliko wewe unataka kura. Lakini ukiwa umesimama, mimi sikusikii."

Moffat aliondoka na karatasi yake. Nisiwadanganye kwamba alishindwa. Picha ilibandikwa kila duka kuanzia Mukurweini hadi Nyeri, na watu ambao hawakuwahi kushika jembe pamoja nasi wakampigia kura kwa furaha. Wengine wetu pia walimpigia, na nawajua kwa majina. Watiri alisikia matokeo kwenye redio ya jirani, akauliza Jumamosi tunalima kwa nani.

Cucu Murugi alifariki mwezi wa pili mwaka uliofuata. Kibandani palijaa watu, na swali lilikuwa moja ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Ndipo mama yangu akasema, "Atalala kwangu."

Nilimvuta mpaka nje. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na nusu eka ile ndiyo ilikuwa chakula chetu. "Mama, unataka kupanda nini juu ya kaburi? Tuko na nusu eka!"

"Na wewe ukumbuke ilikuwa mawe," mama alinijibu. "Ni nani alitoa?"

Nilijua ni nani, na nilinuna hata hivyo. Nilinuna siku nzima, nikiwapikia wageni kwa fujo ya sufuria.

Tulichimba kaburi ukingoni, pale pale palipokuwa pake na panga lake dogo. Mchungaji alipomaliza sala watu wakaanza kufukia, kwa mstari kama Jumamosi yoyote, na Munyao akiwemo, kofia ameiweka chini; mimi nilibaki kando na mtoto wangu. Gari nyeusi ikasimama barabarani. Mheshimiwa Moffat alishuka na shada la maua, akapenya mpaka kaburini, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia.

Watiri hakumfukuza. Alimnyooshea jembe lake mwenyewe. "Mheshimiwa, shika."

Alitazama viatu vyake. Alitazama mstari, na hakuona uso hata mmoja, kwa kuwa wote walikuwa wameinama. Akashika. Akainama. Tulisikia pumzi yake ikigoma, na tukampa nafasi, tukanyamaza, tukangoja aseme. Alifukia, akafukia, jasho likamtoka mpaka tai ikalowa. Hakuwa na neno.

Basi Watiri akasema. Hakuwa na jembe tena, kwa hiyo alipiga magoti, akausukuma udongo kwa viganja vyake.

"Maitu, nilikudanganya miaka mingi nikisema sawa. Leo sijakudanganya. Hii mchanga uliitoa mawe na mkono yako. Uko kwako."

Nililia hapo kwa aibu na kwa faraja, na sijui ipi ilizidi. Nilimpa mama yangu mtoto, nikachukua jembe, nikaingia kwenye mstari kando ya Mheshimiwa. Tulifukia pamoja mpaka tukamaliza, na hakuna aliyepiga picha.