Mgeni Aliyemfungua Bubu Mdomo

Mtaani walimwita fundi Bubu, na wala hawakumwonea. Alitengeneza injini za boti, mtu wa kujibu salamu kwa nyusi, na pale ambapo wengine wangesema sentensi nzima yeye alisema "mm". Mkewe, dobi katika nyumba ya wageni ya wifi yake, alishazoea. Alijifariji kwamba kimya hicho angalau ni chake peke yake.

Ndipo akaja yule binti wa mkoba.

Alishuka botini mchana, mkoba mgongoni umempita kichwa, kaja kukiona kisiwa siku mbili tatu kisha aendelee na safari zake. Kiswahili alikuwa nacho, cha kuokoteza lakini hakimwangushi. Jioni ile fundi alikaa kwenye benchi la uani kumsubiri mkewe amalize kukunja mashuka, kama kawaida yake. Binti akamuuliza, "Baba, umewahi kuzama?"

Weee, Bubu akafunguka! Dobi alisikia yote kutoka dirishani: boti ilivyopasuka katikati ya maji enzi za ujana, fundi alivyoogelea usiku kucha, papa alivyomsindikiza mpaka ufukweni. "Enhe, ikawaje?" anauliza binti, na fundi anacheka mpaka magego yanaonekana. Kumbe ndiyo maana mume wangu hata maji ya magotini huyakimbia, dobi akawaza. Na mimi sikuambiwa.

Wivu ukamshika. Haukuwa wivu wa kuibiwa mume. Binti mwenyewe alimwita baba. Ulikuwa wivu wa maneno. Mtu wa kuja leo na kuondoka keshokutwa kapewa bure alichonyimwa mke wa ndoa.

"Wifi," mwenye nyumba akamchokoza akipita na sufuria, "leo kaka yangu koki imefunguka."

"Na imwage tu," dobi akajibu. Akalikunja shuka vibaya, akalikunjua, akalikunja tena vibaya.

Njiani kurudi nyumbani akamuuliza mumewe kama amechoka. "Mm," akasema fundi.

Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu, kesho yake ikiwa ndiyo safari, dobi aliamua kwamba hakuna nguo itakayomchelewesha yule mtoto. Akafua suruali, akafua mashati, kisha akasema, "Lete na mkoba, mwanangu, uondoke safi." Binti akamwaga vitu kitandani na kushukuru sana, mpaka dobi akaona haya kidogo.

Mtu aliyefua maisha yake yote, na akasahau kwamba turubai nene lenye sponji mabegani, kwenye hewa hii ya chumvi, halikauki kwa siku moja. Siku hiyo ilifua hasira, si yeye. Asubuhi mkoba ulikuwa bado unachuruzika, na boti ikaenda zake.

"Si neno," binti akasema. "Nitakaa mpaka kesho. Baba hajamalizia ya papa."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. "Umejipalia makaa mwenyewe."

Jioni ile hadithi ilikuwa ndefu kuliko zote. Kesho yake mkoba ukakauka, binti akawakumbatia wote, akaondoka.

Jua liliposhuka, dobi aliacha mashuka yake akaenda kukaa benchini. Fundi akasogea kumpa nafasi.

"Kwa nini mimi hukuwahi kuniambia?"

"Nini?"

"Boti. Papa. Kuogelea usiku kucha."

Fundi akamtazama kwa mshangao. "Mke wangu, mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

"Kwa hiyo yote yale..."

"Uongo mtupu. Mtoto katoka mbali, angeondoka na nini? Wewe nitakudanganya nini, na unanijua nje ndani?"

Lilikuwa neno la mapenzi, pengine kubwa kuliko yote aliyowahi kumwambia, na dobi alilisikia vizuri. Lakini roho bado ilimuuma. Yeye miaka yote kala "mm", mwenzake kapewa papa mzima.

Akavua aproni, akaiweka mapajani.

"Basi nidanganye na mimi," akasema. "Na usiniletee ya papa. Nataka yangu."