Redio ya Bibi Ruth na maabara ya stoo ya kahawa

Ukungu bado umeikumbatia migomba ya Masama, miteremkoni mwa Kilimanjaro, na Aikaeli Swai ameshamaliza kupokea maziwa ya wafugaji. Anavua mabuti mlangoni, anapangusa miguu kwa kanga kuukuu, kisha anaingia kwenye chumba ambacho majirani wamekibandika jina la Hospitali ya Redio.

"Humu hauingii mguu wenye maji," anasema huku akicheka. "Umeme hauna undugu."

Zamani hii ilikuwa stoo ya kahawa, na harufu yake haijaondoka. Meza ni chekeche kubwa la kuanikia kahawa lililopigiliwa mbao na kutandikwa kipande cha mpira. Vipuri vimelala kwenye trei za mayai, kila aina na shimo lake. Kuna taa, koleo, chuma cha kulehemu, na mita ya kupimia umeme ambayo fundi mmoja wa Moshi mjini alikubali kuibadilisha kwa mikungu ya ndizi mshale.

"Nilimwambia, mangi, hela sina, ndizi ninazo. Akasema lete."

Aikaeli hakusomea umeme. Kazi yake ni kupokea na kupima maziwa ya kikundi cha wafugaji kijijini. Siku mizani ya umeme ya kikundi ilipogoma, fundi wa mjini aliifungua mbele yake, naye akachungulia ndani. Tangu hapo moyo wake haukutulia.

"Niliona vijinjia vinang'aa na vinyumba vidogo vidogo. Ni kama ukisimama huku juu usiku ukaangalia taa za Moshi. Nikasema mae, kumbe kuna mji humu! Nikatamani nitembee humo."

Mama mkwe wake, Bibi Ruth, ambaye macho yake yamefifia, ndiye aliyempa stoo hiyo. Akamkabidhi na mgonjwa wa kwanza: redio yake iliyokuwa ikikoroma. Redio hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, na ndiyo inayomletea ibada, kwaya na matangazo ya vifo, ambayo bibi huyu hapendi yampite.

Aikaeli aliifungua, akakuta unyevu umetanda ndani. Dawa ya unyevu aliijua tangu utoto. Katika majiko ya huku, kilicholowa hupandishwa darini juu ya meko, mahali pa kukaushia kuni na mahindi. Basi naye akaipandisha redio.

"Nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Kurudi, redio imekunja uso," anasimulia.

Plastiki ilikuwa imeyeyuka na masizi yameingia kila tundu. Shemeji yake, Davis, mtoto wa Bibi Ruth, alikuja juu, akataka stoo irudi kuwekewa kahawa na mchezo huo uishe. Kesho yake Aikaeli alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akakata ncha ya sale, mmea ambao Wachaga huubeba wanapoomba radhi. Anayeletewa sale hakatai kusamehe. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Shikamoo mama. Nimekukosea."

Bibi Ruth alilipapasa lile jani. "Marahaba. Kwa sale hili nimekusamehe," alijibu. "Lakini sale haliimbi kwaya. Nirudishie redio yangu. Ikikushinda, stoo namwachia Davis."

Ndipo masomo yakaanza kwa kweli. Aikaeli alijifunza kwa video za simu, akafanyia mazoezi redio mbovu alizookota kwa mafundi, akaungua vidole mpaka akazoea. Siku hizi vipuri vyenye unyevu anavikausha kwenye boksi la vifaranga lenye balbu ndogo. Dari ameiachia mahindi.

Leo ndiyo siku ya kujaribu. Ndani ya redio kuna viungo vya redio nyingine, na sura mpya ameitengeneza kwa mbao ya mringaringa. Bibi Ruth amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Davis yuko nje, anajifanya anakagua mibuni.

Aikaeli anagusa waya wa mwisho kwa risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Moshi mwembamba unapanda kuelekea dirishani, ambako mlima umeanza kujitokeza mweupe juu ya ukungu. Anawasha. Redio inakwaruza, inakwaruza tena, kisha sauti ya mwanamume inajaa chumba: "...mazishi yatafanyika nyumbani kwa marehemu..."

Aikaeli anaziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka. Anataka kusema kitu.

"Nyamazeni!" Bibi Ruth anainua mkono. "Nisikie ni nani."

Wote wanacheka, hata Davis. Tangazo linapokwisha, bibi anashukuru polepole kwa Kichaga, "Aika, mwanangu." Kisha anatoa chini ya kiti kopo la maji. Ndani yake kuna ile ncha ya sale aliyoletewa siku ya radhi. Imeota mizizi.

"Davis, lete jembe."

Kwa Wachaga, sale ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba. Davis anachimba shimo kando ya mlango wa stoo, naye mama yake anashindilia udongo kwa mikono.

"Ukivuka hapa ni kwa Aikaeli," anasema. "Asije mtu akaleta maneno."

Aikaeli amechuchumaa pembeni, anaugusa mmea kwa kidole chenye kovu la moto.

"Sale hili likifika dirishani," anasema, "mizani ya kikundi ikigoma, hawataenda mjini. Wataniita mimi."