Nilivyoilaza Harusi Nzima Kwenye Tope

Habari hii hata mke wangu aliisikia kwa watu, si kwangu, maana naona haya mpaka leo, na kila nikiisimulia nacheka kidogo halafu kicheko kinanikwama. Lakini mmenishika hapa na hamniachii, basi sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya vita, mimi kijana mwenye kamera moja na majivuno ya kamera kumi. Nilikuwa na kijistudio mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, na mteja mmoja alikuwa ameniachia gazeti la Kifaransa la mambo ya picha, nikalisoma mpaka kurasa zikalegea. Humo nikajifunza mawili: kwamba mpiga picha wa kweli hasimami wima kama nguzo ya umeme, bali analala chini apige kutokea chini, watu waonekane warefu, na kwamba ukilifungua sana tundu la lenzi, aliye mbele anatoka safi na walio nyuma wanakuwa ukungu mtupu. Nikasema harusi itakayofuata lazima watu waone ufundi.

Iliyofuata ikawa ya Jeannine, huko Buyenzi, uani kwa shangazi yake, walikokimbilia yeye na mama yake walipotoka Kamenge. Baba yake alikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, mwaka wa tatu huo hawajaonana, na binamu yao mfanyabiashara alikuwa anakwenda Kigoma wiki hiyo, angempelekea picha. Mama Jeannine alinishika mkono hata kabla sijatoa kamera.

"Mwanangu, muzee anataka kutuona sisi wote. Sura zote, unasikia?"

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikamjibu, "hii itakuwa picha ya kizungu." (Ndiyo, nilisema hivyo.)

Basi wakajipanga, maharusi mbele na Mama Jeannine pembeni yao, watu kama ishirini nyuma, mvua ya asubuhi imeacha tope uani, nami tundu nimelifungua mpaka mwisho, nikarudi nyuma hatua tatu, halafu bila kusema neno nikajitupa chini kifudifudi, puu!

Jamani, nani alikuwa anajitupa chini ghafla Bujumbura miaka ile? Mtu akilala hivyo huulizi, unalala (kuuliza utauliza baadaye, ukiwa mzima). Harusi nzima ikalala. Bibi harusi na gauni lake jeupe, bwana harusi juu yake akimkinga, mchungaji chini ya meza ya Fanta, Mama Jeannine kifua kizima topeni na imvutano yake mpya, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani. Majirani walioona wakalala kwao, na barabarani nikasikia maduka yanashusha milango ya bati, paa! paa!, na mlio huo ndio ukawahakikishia waliolala kwamba kweli kumewaka.

Mjomba mmoja akanong'ona, shavu likiwa ardhini, "Wanapiga wapi?"

"Akuna mutu anapiga," nikasema. "Ni mi. Ni pozi ya picha."

"Pozi?" Shangazi akainuka polepole, tope mpaka kwenye nyusi. "We mutoto, we unacheza na roho za watu?"

Wengine walicheka, wengine walilia kweli, na bibi mmoja alikataa kuinuka mpaka alipoambiwa mara tatu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba msamaha, nikawaambia wajipange tena, filamu imebaki picha moja tu. Wakajipanga, lakini Mama Jeannine sasa hataki tena kukaa mbele.

"Apana, mi nakaa nyuma, asione hii tope."

Akajificha safu ya mwisho, uso tu ukichungulia kati ya mabega ya watu. Nami, kwa haraka ya kumaliza nijiondokee, nikapiga nimesimama wima, na tundu la lenzi nikalisahau wazi vilevile.

Picha ilitoka na bibi harusi safi mpaka kope, na nyuma ukungu, kama gazeti lilivyosema. Niliona. Sikusema kitu. Binamu akaondoka nayo.

Baada ya miezi miwili Mama Jeannine akaja studio na barua, akanisomea mwenyewe. Mzee alikuwa amewaandikia watoto: "Yule mumeweka nyuma ni nani? Sura yake aionekani. Binamu anasema mama yenu ni muzima, lakini binamu ni mutu wa huruma. Kama alikufa mungeniambia tu. Mi nimeshanyoa nywele, nimekaa matanga."

Akaikunja barua. "Ananililia," akasema, "na mi niko hapa napika, nafua." Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Piga. Uso tu. Na makunyanzi yote yaonekane, ajue ni mi."

Nikampiga picha kumi na mbili, tundu nimelifunga mpaka mwisho, machozi yananizuia hata kuona vizuri.

Tangu siku hiyo ukungu nimewaachia wenye magazeti. Kundi likija kwangu nauliza kwanza picha inakwenda kwa nani, kisha natazama uso mmoja mmoja, na aliyejificha nyuma namvuta mbele mwenyewe, anitukane akitaka, kwa sababu huko picha inakokwenda mimi sitakuwepo kuwaambia kwamba yuko mzima.