Kibuyu cha Chachu

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Singida na pikapu yangu mwenyewe, na nyumba ya kwanza niliyoingia wakanikaribisha maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa. Harufu ile ya moshi iliponigonga pua, nikakirudisha kibuyu bila kunywa. Mwenyeji akadhani ni uchovu wa safari. Nikamwacha adhani hivyo. Mtu mzima, mwenye matanuri matatu ya mikate, nitasemaje kwamba naogopa kibuyu?

Sikiliza nikueleze, ndugu yangu. Mimi shule yangu iliishia darasa la pili, lakini wenye vyeti vyao mjini wanafungua kinywa kwa mkate wangu. Kuoka sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na bibi yangu, mama wa baba, wakati wa Mwingereza, miaka ile ya vita, kwenye tembe letu la paa la udongo, nyuma ya boma la serikali.

Baba alikuwa mpishi wa Bwana Shauri, Mzungu aliyetawala wilaya. Nyama aliziweza, supu aliziweza, ila mkate ulimshinda. Wa kwake ungemtupia fisi, fisi angekukimbia. Bibi ndiye aliyeujua, alijifunza misheni akiwa msichana. Basi unga mweupe ulitoka boma kwenye debe dogo, ukaja kwetu, ukarudi ni mkate. Ulikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Sisi wajukuu tulilamba vidole tu, Bibi akigeuka. Chachu yake ilikuwa povu la pombe ya uwele, akilihifadhi kwenye kibuyu kidogo.

Siku ninayokuambia alikuwa anakuja mgeni, mkubwa wa Bwana Shauri kutoka Dodoma, kunywa chai saa kumi. Baba alikuwa hali wala halali. Mpishi aliyemtangulia alifukuzwa kwa mchuzi ulioungua, na kabla mwezi haujaandama akakamatwa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge, maana mwanamume asiye na kazi wakati ule alikuwa mali ya yeyote mwenye karatasi. Hakurudi. Mke wake tulikuwa tunamwona kisimani, hasemi na mtu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Bibi akaniambia nioshe kibuyu cha chachu. Nikaosha. Kisha, kwa kiherehere changu, nikakifukiza. Kwetu kibuyu cha maziwa hakiishii kuoshwa. Unatia kaa la moto, unatikisa, moshi unakaa ndani, maziwa yanadumu. Bibi mwenyewe alikuwa akisema, "Kibuyu kisichofukizwa humwaibisha mwenye nyumba." Wenzangu walinicheka, "Binti wa Bibi!" kwa kuwa kazi hiyo ni ya wasichana, lakini hakuna aliyefukiza kama mimi. Nikakishindilia moshi, nikairudisha chachu humo kikiwa bado cha moto. Sikujua kwamba kile kinachoyalinda maziwa ndicho kinachoiua chachu.

Asubuhi Bibi akakanda, akafunika sufuria, akaiweka palipolala ndama mle ndani ya tembe, penye joto. Saa tatu nikafunua. Donge limelala. Saa nne limelala vilevile, kama maiti ndani ya sanda. Baba akaja mbio na aproni yake, akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Mama, umenimaliza," akasema. "Leo umenimaliza."

Bibi akakinusa kibuyu. Akaniangalia. Jicho lile naliona mpaka leo. Kisha akasema taratibu, "Mikono yangu imezeeka, mwanangu. Nisamehe."

Na mimi nikanyamaza.

Akanituma kwa jirani, mjane aliyekuwa akipika pombe bila kibali nyuma ya ghala lake. Yule mama akanitilia povu kwenye kata, huku kanishika sikio. "Wakikuuliza, hunijui. Hata shikamoo hujawahi kuniamkia. Umesikia?" Sasa hofu zikawa mbili. Bibi akakanda upya, na saa saba, taratibu, donge likaanza kupumua. Akaoka kwenye mafiga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Nilibeba mkate kwenye kitambaa, nyuma ya Baba. Barazani mgeni akaukata mwenyewe. Akanusa kipande. Akanusa tena. Uwele hauna siri.

"Hii mkate," akauliza, "nani natia kitu gani?"

Jasho la Baba likadondoka sakafuni. Tone nililiona.

"Ni mama yangu, Bwana. Ametia mikono yake tu."

Mzungu akala. Akala na cha pili. Bwana Shauri akamwambia Baba, "Kesho tena." Basi, ukadhani tulipumua? Kesho tena ni povu la mjane tena, ni kunuswa tena.

Baba alibaki na kazi yake mpaka bendera ya Mwingereza iliposhuka. Ila tangu siku ile hakumwamini tena mama yake. Kila mkate alikuja kusimama juu ya sufuria, anamkagua kama mtoto, na Bibi hakusema neno mpaka tukamzika.

Tembe sasa limekuwa kichuguu. Mjane hayupo, Baba hayupo. Chachu yangu inakuja kwenye kopo, na kuanzia Manyoni hadi Ikungi mkate wangu unajulikana. Lakini kila alfajiri sinywi chai mpaka nione unga umepanda. Vijana wangu wa kazi wananong'ona, mzee anaringia mikate yake. Kweli naringa. Ila nikiinama pale juu ya unga, kuna neno nalisema kimoyomoyo, na wa kuambiwa hayupo: Baba, mikono ya Bibi ilikuwa mizima.